Juu ya Kuweka Vyuma vya Magari ya Kale

Kila kitu kilichoundwa kwa mkono wa mtu hufikiwa na siku ambayo kazi yake ya kwanza imekwisha. Siku hiyo kina njia tatu mbele yake: kutupwa, kuyeyushwa au kuwekwa. Kutupa hakuhitaji fikira, na kuyeyusha huhitaji moto tu. Lakini kuweka ni tendo la hiari, na tendo la hiari lina deni la kuelezwa. Mtu awekaye taa ya gari lisilokwenda tena, kibati cha namba kilichofifia, kitabu cha maelezo chenye madoa ya grisi, au kabureta iliyo katika karatasi yake tangu ilipotoka kiwandani, ana haki ya kusifiwa kwa subira yake; lakini ana wajibu pia wa kuulizwa: anamwekea nani? Swali hili ni dogo kwa umbo, lakini ndani yake mna swali kubwa la haki ya mtu katika kitu ambacho yeye hakitumii, na mwenziwe anakihitaji.

Mahali pazuri pa kulipima swali hilo ni Mkoa wa Singida, katikati ya Tanzania, kwa kuwa huko motokaa haikuzoewa kuwa pambo. Kabla ya lami kufika katika miaka ya 2000, dereva aliyetoka Singida kwenda Nzega alilazimika kuteremka Mlima Sekenke, ambao madereva wa malori waliutaja kwa hofu, kisha akaikabili mbuga ya Wembere, ambayo udongo wake mweusi wakati wa mvua hulishika gurudumu kama gundi. Nje ya barabara kuu, katika vijiji vya Iramba, Manyoni na Mkalama, Landrova kuukuu ilichukua alizeti, vitunguu, asali na kuku kwenda mnadani. Na siku nyingine ikachukua mgonjwa, bibi harusi au maiti. Gari la namna hii halikuhesabiwa kuwa chombo tu. Lilijulikana kwa mlio wake kabla halijaonekana, na watoto walilitambua kwa jina la dereva wake.

Haikuwa ajali Landrova kupendwa katika nchi ya namna hiyo. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, wakati Uingereza ilipokuwa bado na upungufu wa chuma cha pua kwa sababu ya vita vilivyomalizika mwaka 1945. Wenye kiwanda walitumia bati la mchanganyiko wa alumini badala yake, na dhiki ikazaa hekima: ngozi ya gari ikawa haioti kutu. Mifupa yake, yaani chasisi, ilibaki ya chuma, nayo huota kutu kama chuma kingine. Vipande vyake vingi vilifungwa kwa skrubu na nati badala ya kuchomewa, hata fundi mwenye spana chache aliweza kuufungua mlango, bawa au injini chini ya mti. Gari lifunguliwalo kwa urahisi hivyo hugawanyika kwa urahisi pia. Kila moja lililokufa likawa ghala la mengine yaliyo hai. Kiwanda cha Solihull kiliacha kuunda magari ya ukoo ule tarehe 29 Januari 2016, na tangu siku hiyo kila kipande cha zamani kilipata thamani mpya.

Basi mapenzi ya magari ya kale yamepata watu na vyama. Mjini Nairobi, tangu mwaka 1970, chama cha wenye magari ya Alfa Romeo kimejulikana kwa shindano la uzuri na utunzaji wa magari. Mjini Arusha, Oktoba 2024, wenye Landrova walikusanyika kwa wingi, wapya na wa kale, wakapita barabarani kwa msafara mrefu. Mtu wa Singida apendaye mambo haya hana haja ya kuona haya. Lakini mapenzi hayatoshi kuwa hoja. Hata bahili huipenda fedha yake.

Mashtaka juu ya mkusanyaji ni mazito, na historia ya nchi imeyapa nguvu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilipungukiwa na fedha za kigeni. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viligharimu mengi, na mafuta yalipanda bei. Malori yalisimama kwa kukosa tairi, betri na spea, na mazao yakasubiri magari yasiyofika. Mwaka 1983 serikali iliendesha msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, na sheria ya kuwahukumu ikatungwa. Wakati ule mtu aliyekutwa na shehena ya spea zilizofichwa nyumbani angalitazamwa kama adui wa umma. Leo mtu mwenye shehena ile ile husifiwa kuwa mhifadhi. Vitu havikubadilika, rafu ni ile ile na kufuli ni lile lile. Ni nini basi kilichobadilika?

Jibu lililo karibu ni nia. Mlanguzi huficha ili bei ipande. Mkusanyaji huficha kwa kuwa anapenda. Tofauti hii ni ya kweli, na hakimu mwadilifu huipa uzito wake. Lakini kwa mtu ambaye gari lake limesimama, mlango uliofungwa kwa mapenzi si mwembamba kuliko mlango uliofungwa kwa tamaa. Nia humhukumu mtendaji, haimfikishi msafiri. Kwa hiyo mkusanyaji hawezi kujitetea kwa usafi wa moyo wake peke yake. Lazima aonyeshe kwamba kuweka kwake kunamfaa mtu mwingine zaidi ya nafsi yake.

Utetezi wake upo, nao si dhaifu. Kwanza, asipoweka yeye, mwingine hataweka. Mnunuzi wa vyuma chakavu hupita na mizani yake, na mbele ya mizani vitu vyote ni kilo. Bati la alumini lililovuka Wembere huyeyushwa likawa sufuria. Sufuria si kitu cha kudharauliwa, kwani hulisha watu. Lakini zipo sufuria nyingi, na kipande cha mwisho cha aina yake kikiyeyuka hakirudi. Wazee walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Pili, watu huhitaji kuona njia waliyoijia. Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam yameweka gari la Rolls-Royce lililotumiwa na utawala wa Kiingereza, na baada ya uhuru likamtumikia Mwalimu Julius Nyerere. Gari lile limebeba dola mbili juu ya magurudumu yale yale, na kijana alitazamaye hufahamu kitu ambacho kitabu hukieleza kwa shida. Lakini Rolls-Royce ya ikulu ina nyumba ya taifa ya kuitunza. Landrova ya Sekenke, iliyobeba watu wasio na vyeo, ina nani kama si mkusanyaji?

Hapa hutokea fumbo la kale ambalo wanafalsafa wamelifikiri sana. Plutarch aliandika kwamba Waathene waliihifadhi jahazi ya shujaa wao Theseus kwa kuondoa kila ubao uliooza na kutia mpya, hata wenye hekima wakabishana kama jahazi ile ilikuwa bado ni ile ile. Katika karne ya 17 Thomas Hobbes alilizidisha fumbo: kama mtu angaliziokota mbao zote za zamani, akaziunganisha kwa mpango wake wa kwanza, jahazi ya kweli ingalikuwa ipi? Singida fumbo hili haliko vitabuni, liko gereji. Landrova imetiwa injini ya Kijapani, milango ya gari jingine, na chasisi iliyochomewa mara nyingi. Nayo ingali inachukua abiria. Injini yake ya kwanza, taa zake na kibati chake vimo rafuni mwa mkusanyaji. Gari lile ni lipi?

Sheria hutazama namba iliyogongwa katika chasisi, ikanyamaza. Akili haitoshelezwi upesi hivyo. Abiria wa kijijini atasema kwamba gari ni lile linalokuja asubuhi, maana kwake gari ni safari. Mkusanyaji atasema kwamba gari ni vile vyuma vilivyotoka kiwandani, maana kwake gari ni kumbukumbu. Wote wawili wana haki, kwa kuwa chombo hurithiwa kwa namna mbili: kazi yake hurithiwa na kinachoendelea kuifanya, na habari yake hurithiwa na kilichoshuhudia. Makosa huanza mrithi mmoja anapoushika urithi wa mwenziwe.

Joginder Singh wa Kenya alitoa mfano mwema wa urithi wa kwanza. Mwaka 1965 alishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki kwa Volvo ya PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia mikononi mwa dereva mwingine. Kama gari lile lingaliwekwa ghalani baada ya safari yake ya kwanza, lingalikuwa ukumbusho wa mbio zilizopita. Kwa kutumiwa tena likapata utukufu ambao kuwekwa kusingaliweza kulipa.

Sasa na uwekwe mfano wa kukata shauri. Katika mji wa Singida wako watu wawili. Mmoja ana rafuni seti ya raba za breki za Landrova ya kale, gia moja ya chuma na nembo ya mbele ya gari. Wa pili ana Landrova ichukuayo watu na mizigo kutoka vijijini, nayo imesimama kwa kukosa vitu hivyo vitatu. Haki inasemaje?

Inasema maneno matatu, kwa sababu vitu ni vitatu. Raba na itolewe. Msemo kwamba akiba haiozi ni wa kweli katika mengi, lakini raba haikuusikia: hukauka na kupasuka hata ikiwa katika karatasi yake, na baada ya miaka mkusanyaji hubaki na umbo lisilo na nguvu, ambalo likitiwa katika breki litaua. Kuweka kitu kiozacho mpaka kioze si kuhifadhi, ni kukiangamiza polepole. Nembo na ibaki. Hakuna gari lililoshindwa kupanda mlima kwa kukosa nembo, na mwenye gari aitakaye anataka pambo, wala si haja. Kitabu cha maelezo, picha na kibati cha namba vimo katika hukumu hiyo hiyo: ni mali ya kumbukumbu, na ghala ndiyo nyumba yao.

Gia ndiyo yenye ugumu. Chuma kilichopakwa mafuta kinaweza kungoja miaka mingi, na huko mbele gari jingine litakihitaji kama hili la leo. Hata hivyo haja iliyo mlangoni ina jina na uso. Haja ya kesho ni dhana tu. Tena gia ina fadhila ambayo raba haina: inaweza kuwa mwalimu. Fundi mwenye mashine ya kukereza vyuma akiiona, akaipima na kuhesabu meno yake, anaweza kujaribu kuunda ndugu yake. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, lililoanzishwa mwaka 1973, lilikusudiwa kukuza kazi kama hizo mikoani. Kwa hiyo gia na ipelekwe kwanza kwa fundi. Mfano wake ukipatikana, mwenye gari apate kilichoundwa na mkusanyaji abaki na cha asili. Mfano usipopatikana, na gari likawa ni riziki ya watu na njia ya wagonjwa, gia ya asili na itoke, na rafuni vibaki vipimo vyake, picha yake na habari ya siku iliyotoka. Rafu yenye nafasi wazi na maelezo ya kweli ina heshima kuliko rafu iliyojaa kwa gharama ya wengine.

Mtu anaweza kupinga kwamba kanuni hii itamaliza kila mkusanyo, maana waombaji hawaishi. Pingamizi hili lina ukweli, na dawa yake ni chama. Mtu mmoja hawezi kupambanua haja na hila, wala hawezi kujua kama kipande anachokililia mwenziwe kimelala bure katika ghala la mji mwingine. Chama chenye daftari huweza. Mali bila daftari huisha bila habari. Na mali ya mkusanyaji huisha upesi zaidi, kwa kuwa siku ya kufa kwake warithi wasiojua huita mizani ya vyuma chakavu. Chama kinachokutana ili wanachama waonyeshane walivyo navyo ni sherehe tu. Chama kinachoandika nani ana nini, nani anahitaji nini, na kipi kimebaki kimoja, ni hazina ya watu wengi iliyo mikononi mwa wachache.

Kwa hiyo tofauti ya mlanguzi na mhifadhi haimo rafuni, wala haimo moyoni peke yake, imo mlangoni. Mlanguzi hufungua kwa bei. Bahili hafungui. Mhifadhi hufungua kwa haja, kwa elimu na kwa kumbukumbu, na anajua kwa kila kipande ni lipi kati ya hayo matatu linalokistahili. Vyuma vilivyowahi kuvuka Wembere vikiwa na mizigo ya wengine havikuumbwa kumtumikia mtu mmoja, na aviwekaye kwa haki huvishika kwa muda tu, mpaka aje yule vilivyokuwa vikimngoja.