Bati Zimefungiwa, Mvua Inanyesha

Ndugu zangu Waislamu, leo nina nyumba moja tu ya kuwasemea.

Mnaijua. Nilikuwapo siku mlipochimba mashimo ya nguzo za mjane yule na watoto wake wanne, na wallahi nilifurahi. Huyu anakata fito, yule anakanyaga udongo, akina mama wanapokezana ndoo kutoka kisimani. Siku tatu, kuta zikasimama. Kisha likaja bango. Kundi moja likalitundika juu ya mlango, jina lao kubwa, na picha ya mama wa watu anajiziba uso kwa upindo wa kanga. Kundi la pili, lililochanga bati, likajitafuta kwenye bango lisijione. Likazibeba bati zake, likazifungia chumbani kwa kufuli. Masika haya yameingia, na bati zimefungiwa.

Jumanne nilikwenda kumtazama. Ukuta wa upande wa bahari umeporomoka udongo, fito ziko nje. Maji yamechimba mfereji katikati ya chumba, unapita chini ya kitanda. Juzuu za watoto amezitia kwenye sufuria, akaifunika kwa sinia, na juu ya sinia ameweka jiwe. Nikamuuliza anataka nini. Akasema, "Shehe, bati nitasubiri. Waambie walitoe lile bango, wanangu wanachekwa chuoni."

Mmesikia? Hana paa, na kinachomliza ni bango! Suratul Baqara, aya ya 264, inatukataza kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimango na maudhi. Mnadhani kusimanga ni kwa ulimi tu? Bango lile linamsimanga usiku na mchana, kila apitaye njia analisoma. Na nyinyi wenye kufuli msijione mmesalimika. Mlimpa nani zile bati, hata mkanuna jina lenu halikuandikwa? Kama mlimkusudia Allah, Yeye ameshaandika. Kama mlikusudia bango, nendeni mkalidai ujira.

Uwanja uliojengwa msikiti wa Mtume, rehema na amani zimshukie, kule Madina, ulikuwa wa mayatima wawili. Walitaka kuutoa bure, akakataa mpaka ukalipiwa. Akabeba matofali ya udongo yeye mwenyewe pamoja na masahaba. Ammar bin Yasir alibeba mawili mawili, wenzake moja moja. Paa lilikuwa la makuti ya mtende, na usiku mmoja wa Ramadhani likavuja, Mtume akasujudu, watu wakaiona alama ya tope kwenye paji lake la uso. Tope hilo ndilo analoamkia mjane wenu, nanyi mnagombea turubai lenye majina!

Utotoni kwetu, msaragambo wa nyumba ukiitishwa, alikuja mzee mmoja kipofu. Hakuweza kupanda wala kuchimba. Alikaa chini ya mwembe na rundo la usumba, akisokota kamba tangu asubuhi, mapajani pamemchubuka. Tulipomaliza kufunga makombamoyo aliomba ashikwe mkono, akasimama juu ya kinu, akapapasa vifundo kimoja kimoja. Vilivyolegea alivifungua akavifunga upya, kimya, bila kumuuliza mtu nani kafunga hivi. Chai ilipoletwa alikuwa ameshajiendea. Nimelala ndani ya nyumba ile miaka mingi, maana yatima aliyejengewa nilikuwa mimi. Sikuwahi kusimangwa na mtu mtaani kwa ajili yake, hata siku moja.

Nanyi wazee mlioliona bango likipanda mkaendelea kunywa kahawa barazani, mlinyamazia nini?

Kesho baada ya swala ya alfajiri nitakuwa pale. Mwenye ufunguo aje nao. Mwenye ngazi aje na ngazi, mwenye nyundo aje na nyundo, simu zibaki majumbani. Bango nitalishusha mimi.