Mti Usiozaa Una Haki Gani?

Tukiingia porini kutafuta kuni tuna sheria yetu, hata kama haijaandikwa popote: mti unaozaa uachwe, usiozaa ukatwe. Inaonekana ni sheria ya huruma. Mimi naona tuijadili, na mfano wangu ni mkusu.

Wengi wetu tunaufahamu, wenyeji wa Kigoma na sisi tuliotoka Kongo na Burundi. Kule Katanga matunda yake wanayaita masuku. Sasa, mikusu iko dume na jike, kila mmoja mti wake. Dume linatoa maua tu, tunda halitoi hata siku moja. Kwa sheria yetu, hilo ni kuni. Lakini chavua inayofanya jike lizae inatoka kwake, inabebwa na wadudu. Ukimaliza madume, majike yatasimama vizuri tu, ila makusu yatapungua, na watu watasema ni mvua.

Tena msitu ukikatwakatwa vipande, mikusu michache ya hapa haikutani na ya kule. Inazaliana ndugu kwa ndugu. Vinasaba vikishafanana, ugonjwa unaoua mmoja unaweza kuua wote. Na mbegu yake haiwekeki ghalani, ikikauka, imekufa. Akiba yake ni miti yenyewe ikiwa hai, mingi na tofauti.

Utaniambia: mama mwenye watoto watano na sufuria ya maharage aanze kuuliza mti ni dume au jike? Hapana. Njaa haingoji, na msitu wote hauwezi kubebeshwa kichwa chake peke yake. Anayemkataza kukata ampe kwanza cha kupikia. Hilo nawaambia ndugu zetu wa mashirika.

Ila swali linabaki: ni haki kumpima mmoja kwa tunda tunaloliona leo? Kipimo hicho sisi tunakijua. Tumesimama mbele yake kwenye foleni na kwenye fomu: unaweza kufanya nini, una cheti gani, utatufaa vipi? Inauma. Halafu tunashika panga, tunakitumia wenyewe.

Basi tukiacha miti, tuache kundi, si mmoja mmoja, na ndani ya kundi tuache hata ule ambao hatujawahi kuuona na tunda. Mkusu ulioota kwa mbegu unachukua zaidi ya miaka 10 kuzaa. Atakayekula huenda ni mwenyeji, huenda ni mkimbizi mwingine. Sisi hatatujua, na si lazima atujue.