Kafara ya Mbuzi na Kafara ya Saumu



Nilikwenda Nairobi kuozesha, na nikaha ikasomwa asubuhi ya Ijumaa katika nyumba moja ya Kitisuru. Aujuaye mtaa huo ajua kwamba ni mtaa wa majumba makubwa, kuta ndefu na miti mingi, na njia zake ni nyembamba zenye kona na materemko. Wafanyao kazi katika majumba hayo hupita ukingoni mwa lami, bega moja likielekea ukuta na la pili likielekea magari.

Tuliondoka tumekawia, kwani pilau ilikawia. Mpwa wangu ndiye aliyekuwa akiendesha, nami nikamwambia, "Fanya hima, mwanangu, Ijumaa itatupita." Sikusema mara moja, nilisema mara tatu. Akanijibu, "Mjomba, njia hii haitaki hima." Nikanyamaza, lakini moyoni sikuridhika. Hapo gari la mmoja katika wageni wenzetu likatupita konani kwa kasi, naye, kama sisi, nia yake ni kuiwahi sala katika Msikiti wa Jamia. Mbele yetu, hatua kama hamsini, akampiga mtu.

Alikuwa mtunza bustani, mtu wa makamo. Nilipiga magoti nikamshika mkono. Vidole vilikuwa vingali na udongo wa maua ya watu. Gari la wagonjwa halikuwahi. Kiatu chake kimoja kilikuwa ng'ambo ya njia, na mfuko wake wa unga umepasuka.

Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Sura Luqman kwamba hapana nafsi ijuayo itafia ardhi gani. Hilo twaliamini. Lakini kabla maiti hajafunikwa, nilisikia wenzetu wakisema, "Ni kudra, hapana wa kulaumiwa." Na mmoja akanong'ona kwamba, isitoshe, marehemu hakuwa Muislamu.

Maneno haya mawili ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kudra ni haki, na mwendo wa kasi pia ni amali ya mja, ataulizwa. Sayyidna Umar alipokataa kuingia Sham kwa ajili ya tauni, Abu Ubayda alimuuliza kama aikimbia kudra ya Mungu. Akamjibu kwamba aikimbia kudra ya Mungu kwenda kwenye kudra yake nyingine. Basi kupunguza mwendo nako ni kudra. Serikali ya Kenya ilipowalazimisha wenye matatu mwaka 2004 kufunga mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, haikupingana na kadari. Na tangu 2021 mpaka 2024 barabara za nchi hii ziliua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na kundi kubwa katika hao ni waendao kwa miguu. Je, hao wote tuwafunike kwa neno moja?

Sheria yetu haikuwafunika. Someni Sura An-Nisaa, aya ya 92. Mwenye kuua kwa kukosea, Mungu amemuwajibishia diya kwa jamaa za maiti, na kuacha huru mtumwa. Asiyepata, afunge miezi miwili mfululizo. Akila siku moja bila ya udhuru, huanza upya. Na aya hiyo hiyo imemtaja aliyeuawa akiwa ni wa watu tulio na ahadi nao, ikamwekea diya na kafara vilevile. Sisi na jirani zetu wa nchi hii tumo katika ahadi. Anong'onaye kwamba damu yao ni nyepesi, na amjibu Mola wake. Ama ajali ambayo dereva hana kosa lolote ndani yake, kila tukio lina hukumu yake, na aulizwe mwenye elimu.

Jambo la ajabu ni kuwa neno kafara twalijua sana. Twajua kuzungusha ng'ombe mjini kuondoa balaa. Siku ya nne yule dereva alinijia, hajalala, akaniambia wazee wake wamemshauri achinje mbuzi mweusi pale konani ili mkosi utoke njiani. Nikamwambia, "Njia haina mkosi, mwanangu. Deni liko shingoni mwako." Nikamsomea aya. Akauliza, "Bima italipa, Shekhe, haitoshi?" Nikamjibu kwamba bima hulipa mali, haimfungii mtu saumu, na kesi yake kwa serikali ina njia yake, asiikwepe. Akalia, kisha akauliza aanze lini.

Tena tulikuwa tukikimbilia nini? Mtume (S.A.W.) alikataza kuiendea sala mbio, aliamrisha utulivu, tusali tulichokidiriki na tukamilishe kilichotupita. Hata amri ya kuiendea Ijumaa katika Qur'ani, wanazuoni wameifasiri kuwa ni kwenda kwa nia, si kukimbia. Haya nimeyasomesha miaka mingi, na ndani ya gari yalinitoka.

Niandikapo haya, yule kijana amefika saumu ya kumi na saba, na amekwenda nyumbani kwa marehemu, wakampokea. Mpwa wangu hajanikumbusha maneno yangu ya siku ile, wala mimi sijamtaka radhi. Nitamtaka kabla waraka huu haujamfikia.