Mwizi Amechukua Motokaa, Tusimwongeze na Dini Yetu

Ndugu yetu mmoja katika darasa letu ametuuliza swali ambalo tumeona jawabu lake halimhusu yeye peke yake. Motokaa yake, aliyoachiwa na marehemu baba yake na akaitunza kwa miaka mingi, imeibwa usiku uani mwa nyumba yake. Khabari amekwisha kuzipeleka polisi, na moyo wake bado haujakata tamaa. Lakini baadhi ya jamaa zake wanamwambia kuwa kutaraji huko ni upungufu wa imani, kwani lililotokea ni kadari, na kuipenda motokaa namna hiyo ni kuipenda dunia. Wengine wanamwambia kinyume cha hayo: asikae bure, aende kwa mganga akapigiwe ramli, au akusanye watu wasome Halubadiri ili mwizi adhurike. Ndugu yetu anauliza: awafuate wepi?

Jawabu letu ni kuwa asiwafuate hawa wala wale.

Tuanze na hao wa kwanza, kwa kuwa maneno yao yana sura ya ucha-Mungu. Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nahl, aya ya 8, ametutajia farasi na nyumbu na punda kuwa ni neema: tuwapande, na wawe ni pambo kwetu. Kisha akatukumbusha kuwa huumba na vingine tusivyovijua. Basi mtu kufurahi kwa chombo chake, akakiosha, akakifunika jua lisikibabue, hilo peke yake si dhambi. Na motokaa iliyoachwa na baba si chuma tu. Ndani yake mna ukumbusho wa mzee aliyeiendesha, na ndiyo iliyowapeleka watoto chuoni na mama hospitali. Mwenye kumwambia aliyeibiwa, "Hicho ni chuma tu, kisahau," mara nyingi ni yule ambaye chuma chake mwenyewe kimelala salama.

Mpaka wa mapenzi hayo upo, nao tumeonyeshwa. Katika Surat Saad tumesimuliwa khabari ya Nabii Suleiman (A.S.) alipoonyeshwa farasi wazuri wakati wa alasiri, na wafasiri wengi wamesema kuwa kuwatazama kulimshughulisha na utajo wa Mola wake hata jua likatua. Kwa hiyo mtu hapimwi kwa kukipenda kitu, bali kwa kile ambacho mapenzi hayo yamekisukuma kikatoka mahali pake.

Ama kuhusu kutaraji, hatuoni vipi muumini atakatazwa. Nabii Yaakub (A.S.) alipotewa na mwanawe miaka mingi, naye alikuwa akiijua kadari kuliko sisi. Pamoja na hayo aliwaamrisha wanawe waende wakamtafute, na akawakataza kukata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Majonzi yake aliyashitaki kwa Mola wake, na miguu ya wanawe akaituma njiani. Hayo mawili hayakupingana. Kadari tunayoijua ni ya jana. Ya kesho hatujaonyeshwa. Aliyekadiria motokaa itoke huenda ndiye aliyekadiria irudi, na sababu ya kurudi kwake ikawa ni huku kutafuta kwetu. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na bedui kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Mungu, alimwambia amfunge, kisha ategemee.

Basi aliyeibiwa na apeleke khabari polisi mapema, na atoe hati za umiliki pamoja na nambari ya injini na ile iliyochongwa katika bodi, kwani nambari ya mbele na nyuma hung'olewa kwa dakika chache. Na awaarifu mafundi na madereva wanaomjua. Hizo ndizo sababu za halali, na kuziacha kisha mtu akasema "nimetawakali" ni uvivu uliovishwa kilemba.

Hata hivyo, khatari kubwa aliyo nayo ndugu yetu haimo katika motokaa. Mwizi amechukua alichoweza kukifikia kwa mkono. Kuna vitu vitatu ambavyo mkono wake haukuvifikia wala hauwezi kuvifikia: uadilifu wake kwa watu, tauhidi yake, na usafi wa mkono wake mwenyewe. Vitu hivyo havitoki ila mwenyewe avitoe. Nasi tumewaona watu wengi ambao usiku waliibiwa kitu kimoja, na asubuhi wakatoka wenyewe wakatupa vitatu.

La kwanza ni uadilifu. Mtu akiamka akakuta uwanja mtupu, jambo la mwanzo linalomjia si dua, ni jina la mtu. Mara humdhania bawabu aliyelala. Mara ni kijana aoshaye gari, au mtoto wa jirani asiye na kazi. Kabla ya adhuhuri jina hilo limefika barazani, na siku hizi limekwisha kuzunguka katika simu za mji mzima pamoja na picha yake.

Imam Tirmidhi amepokea kisa kinachohusu jambo hili hasa. Rifaa bin Zaid, mmoja katika Answari wa Madina, alitobolewa ghala yake usiku, pakachukuliwa unga wake mzuri na silaha zake. Mwana wa nduguye, Qatada bin Nuuman, alikwenda akiulizauliza mtaani, na khabari zikaelekea kwa watu wa nyumba moja, Banu Ubairiq. Nao wakamtupia shutuma mtu mwema, Labid bin Sahl, hata Labid akachomoa upanga wake kwa uchungu wa kuzuliwa wizi, nao wakarudi nyuma wakakiri kuwa yeye si mwenye jambo hilo. Qatada alipolifikisha shauri kwa Mtume (S.A.W.), jamaa za waliotajwa wakatangulia kuwatetea, na Qatada akalaumiwa kwa kuitaja nyumba ya watu wanaosifiwa wema bila ya ushahidi. Mzee Rifaa alipoletewa khabari hiyo hakutukana wala hakuapiza. Alisema kuwa Mwenyezi Mungu ndiye wa kuombwa msaada. Kisha zikateremka aya za Suratun-Nisaa, kuanzia ya 105, zikaifunua khiyana, na zikatoa onyo kali juu ya mwenye kufanya kosa kisha akamtwika asiye na hatia.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi mizani ilivyokuwa. Mwenye kuibiwa alikuwa na haki, na mwanawe alikuwa na dalili. Na pamoja na hayo neno lililotajwa bila ya ushahidi halikupokelewa kwa wepesi. Basi itakuwaje neno lisilo na dalili hata moja, isipokuwa kwamba mtajwa ni maskini na ametoka bara?

Huenda mtu akasema: "Basi aliyeibiwa asiseme lolote?" La, aseme. Akijua nani alikuwa na ufunguo, au nani alionekana uani usiku ule, na aieleze polisi kama alivyoiona. Huo ni ushahidi. Alichokatazwa ni kukipeleka barazani kile anachokidhania. Na ubaya hauishii katika maneno, kwani sisi sote tunajua yanayotokea katika miji yetu pindi mtu mmoja anapopiga ukelele wa "mwizi!". Hukusanyika watu wasiojua lililotokea, kila mmoja na jiwe lake, na roho ya mwanadamu ikatoka kwa ajili ya kioo cha motokaa. Hata kama aliyeuawa aliiba kweli, hao si mahakimu, na damu hiyo wataulizwa. Kujihami na mwizi aliyekuvamia nyumbani ni jambo moja. Kumpiga aliyekwisha kukamatwa hata afe ni jambo jingine, nalo ni dhulma.

La pili ni tauhidi. Mpiga ramli hadai kitu kidogo: anadai kujua ghaibu, ambayo Mwenyezi Mungu ameifanya kuwa ni yake. Na Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa mwenye kumwendea mtabiri akamuuliza, sala yake haikubaliwi siku arubaini. Sisi tunaongeza neno moja la akili tu. Mpiga ramli hasomi mchanga, husoma uso wa mwenye kuuliza. Ndiyo maana jina analolitoa huwa ni lile lile alilokwenda nalo mwulizaji moyoni mwake. Huingia na dhana, akatoka na kile anachokiita yakini, na fedha zake zimepungua.

Ama Halubadiri, hapa watu wetu hughadhibika, kwa hivyo tutasema kwa upole. Masahaba wa Badri, waliozidi mia tatu, walisimama na Mtume (S.A.W.) katika mwaka wa 2 wa Hijra (624) ili aabudiwe Mungu mmoja. Tunawapenda na tunawaombea radhi. Lakini kuyapanga majina yao yakasomwa ili waje wamvimbishe mtu tumbo kwa sababu ya motokaa, hilo Mtume hakulifundisha, na wao wenyewe hawakulifanya walipoibiwa. Kisa cha Rifaa tumekwisha kukisimulia.

Watasema: "Mbona tumeona vitu vikirudishwa baada ya kusomwa?" Hatukatai kuwa vimerudi. Mwizi wa mtaani anayeiamini Halubadiri akisikia itasomwa huingiwa na khofu akakitupa alichokiiba mlangoni. Khofu yake ndiyo iliyokirudisha, na khofu ya mtu si dalili ya haki. Mwizi aliyetoka mbali, asiyeijua hata Badri yenyewe, yeye hulala usingizi. Basi ni nani hudhurika? Ni jirani ambaye ajali yake ilimleta akaugua wiki ile ile. Watu wakanong'ona, "Imempata!" Akafa naye hana kosa, na watoto wake wakabaki wakiitwa watoto wa mwizi. Tunawauliza wenye kuipenda Halubadiri: dhulma hii ataibeba nani?

Na mlango wa haki u wazi bila ya hayo yote. Dua ya aliyedhulumiwa haina pazia baina yake na Mwenyezi Mungu. Aliyeibiwa na ainuke usiku, amwombe Mola wake moja kwa moja. Hahitaji ubani wala karamu.

La tatu ni usafi wa mkono, na hapa hatusemi na ndugu yetu peke yake bali na mji mzima. Motokaa iliyoibwa mara nyingi haiendi mbali ikiwa nzima. Huvunjwa, taa zikaenda huku, vioo kule, magurudumu na injini kwingine. Kila kipande kinahitaji mnunuzi, na kama asingekuwapo mnunuzi, mwizi asingetoka kwake usiku. Na mnunuzi huyo ni nani? Ni mtu kama sisi, anayeonyeshwa kioo cha pembeni kwa robo ya bei yake, hakina risiti, naye hakuuliza kwa sababu alikuwa anajua jawabu. Ijumaa humliwaza jirani yake aliyeibiwa, na Jumatatu huifunga spea ya jirani wa mtu mwingine katika gari lake.

Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii jambo hili ni dhahiri. Kilichoibwa hakitoki katika miliki ya mwenyewe hata kikipita katika mikono kumi. Aliyekinunua, hata kama hakujua, ni wajibu akirudishe, kisha amdai fedha zake aliyemuuzia. Na aliyekizuia kwa dhulma juu yake kuna na ujira wa siku alizokizuia. Sheria ya nchi nayo imelikaza jambo: Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 322, kinamtia hatiani mwenye kupokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kujua, na kifungo chake chaweza kufika miaka 14. Lakini Mwislamu hangojei kifungo ili aache haramu.

Na akitokea mtu asiyejulikana akapiga simu, akasema atairudisha motokaa kwa malipo, ushauri wetu ni kuwa polisi waambiwe kabla ya kutolewa hata senti moja. Wanavyuoni wamemwonea huruma mwenye kulazimika kutoa fedha ili aipate haki yake akikosa njia nyingine, wakasema dhambi ni ya mpokeaji. Hata hivyo, fedha hiyo ndiyo nauli ya mwizi kuendea nyumba ya pili.

Turudi kwa Rifaa, kwani kisa chake tulikiacha kabla ya mwisho. Alipokuwa akidai, alizidai silaha zake tu. Chakula alisema hana haja nacho. Naye, kwa hivyo, alikuwa na kitu alichokipenda, na alitaraji kirudi, na hakulaumiwa kwa kutaraji. Kisha silaha zilirudi, Qatada akampelekea mwenyewe mikononi. Mzee akasema kuwa amezitoa katika njia ya Mwenyezi Mungu. Qatada asema kwamba kabla ya siku ile alikuwa akiidhania imani ya ami yake kuwa ina udhaifu, na siku ile akajua kuwa ni ya kweli.

Hapo ndipo tunapomtakia ndugu yetu afike. Hatumwambii kuwa ni lazima aitoe motokaa yake ikirudi. Ni yake, na aipande kwa furaha. Tunalomtakia ni kuwa siku itakaporudi imkute akiwa mzima: hakuna asiye na hatia anayemwepuka njiani, hakuna mganga anayemdai, na hakuna kitu cha wizi ndani ya nyumba yake. Na ikiwa haikurudi, imkute vivyo hivyo, na Mwenyezi Mungu ni mbora wa kumpa badala.

Na ninyi majirani, msimwachie maneno ya subira matupu. Mwenye gari na ampakie watoto wake asubuhi anapokwenda njia moja nao. Mwenye kuona kitu na aende akashuhudie bila khofu. Na mwenye kuletewa spea ya bei ya ajabu na airudishe huko ilikotoka. Tukiyafanya hayo, tutakuwa tumemfungia mwizi mlango ambao kufuli haiwezi kuufunga.

Mwenyezi Mungu awarudishie walioibiwa haki zao, awaongoze walioiba wapate kutubu, na azihifadhi nyoyo zetu kabla ya mali zetu. Amin.