Kuanguka Kulimtosha?

Msibani juzi, mzee mmoja ninayemheshimu sana alinikatiza nilipomtaja Idi Amin, dikteta wa zamani wa Uganda. "Mwache huyo, mwanangu. Kuanguka kulimtosha." Baraza zima likaitikia. Kauli ile imenikaa kooni.

Adhabu ni machungu anayopewa mkosaji kwa sababu ya kosa lake, hapo hatugombani. Tugombane kuhusu Aprili 1979. Majeshi ya Amin na Walibya waliokuja kumwokoa walikuwa wamevunjwa Lukaya na majeshi ya Tanzania, Entebbe ikachukuliwa, na tarehe 11 Oyite-Ojok, kamanda wa wapiganaji wa Uganda waliompinga Amin, akatangaza redioni kwamba utawala umeangushwa. Kule Nakasero, Kampala, walinzi wa gereza la siri waliwaua wafungwa kabla ya kutimka. Bwana mkubwa naye akakimbilia Libya, kisha Saudi Arabia. Katika yote hayo, nani alimsomea shtaka?

"Lakini alipoteza kila kitu!" Hoja hii inanichoma. Kila kitu kipi? Urais aliupora mwaka 1971. Mwizi akinyang'anywa ng'ombe wa watu, hapo ameadhibiwa au mali imemtoka tu? Wataniambia aliumia rohoni. Sikatai. Ila uchungu wa kupoteza cheo ungempata hata kama asingemwaga tone la damu. Rais mwema aliyepinduliwa huupata vilevile. Uchungu huo haumjui Askofu Mkuu Luwum wa Kanisa la Uganda, aliyeuawa Februari 1977, wala hauwajui wale wa Nakasero. Maumivu yasiyomjua aliyedhulumiwa yanawezaje kumlipia? Na Jeddah aliishi miaka zaidi ya 20, akitunzwa na wenyeji wake, hadi alipofia hospitalini Agosti 2003.

Wanaosema hukumu ni ya Mungu siwabishii. Wanaouliza ni mahakama gani ingesimama katika nchi iliyobomoka wana haki ya kuuliza.

Kila nikifika Kyaka, mkoani Kagera, husimama kulitazama daraja. Majeshi ya Amin yalilibomoa Novemba 1978, wanajeshi wetu wa Tanzania wakatandika la muda, wakavuka. Walivuka kwa sababu Kagera ilivamiwa. Asingeugusa mpaka wetu, huenda angeendelea kutawala, na Nakasero ingeendelea na kazi yake. Basi hata kule kuanguka kulitokana na kosa la mpaka. Waliozikwa Uganda kabla ya hapo hawakuwa kwenye hesabu.

Lakini mzee yule alimpoteza kaka yake katika vita hivyo. Akisema yametosha, mimi nisiyefiwa namjibu kwa haki ipi? Na yeye je, anaweza kuwasamehea wajane wa Kampala?