Je, Rekodi Safi Ni Dalili ya Uadilifu?



Ndugu zangu wanafunzi, wengi wetu tukimaliza chuo tutaingia viwandani, kwenye ujenzi na maofisini. Huko baadhi yetu watakabidhiwa fomu za ajali wazijaze. Ndiyo maana naleta swali hili: je, ni haki mwajiri mwenye historia ya madai mengi alipe bima ghali kuliko jirani yake?

Hapa Uganda, sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri awakatie bima watu wake. Lakini mfano ulio wazi zaidi wa swali hili uko Marekani. Katika majimbo mengi ya huko, madai ya kampuni ya miaka 3, ukiachwa mwaka wa karibuni, hulinganishwa na ya wenzake wa kazi ileile. Wastani ni 1. Aliyepata 0.80, bima ya dola 10,000 humshukia hadi 8,000, aliyepata 1.25 hulipa 12,500. Tena madai mengi madogo hupandisha kipimo kuliko dai moja kubwa la gharama hiyohiyo, kwa kuwa moja huenda ni bahati mbaya, ilhali mengi huonyesha mazoea.

Naona uadilifu ndani yake. Fiqhi inatufundisha kwamba mwenye kuvuna faida ndiye wa kubeba hasara yake. Anayeokoa pesa kwa kutonunua glavu na helmeti asimtwishe mzigo jirani aliyenunua.

Hata hivyo, kipimo hiki hakihesabu majeraha, kinahesabu madai. Fundi aliyekatwa kidole na msumeno, akapewa nauli ya kwenda kliniki na kuambiwa anyamaze, hayumo. Basi rekodi husafishika kwa njia mbili: karakana kuwa salama, au midomo kufungwa. Ya pili ni rahisi zaidi. Kidonda kikioza baadaye, fundi yule hana karatasi ya kumtetea, na msumeno uleule unamsubiri mwingine.

Wapo watakaosema: basi wote walipe sawa, isiwepo sababu ya kuficha. Sikubaliani nao. Wakilipa sawa, mwangalifu atamlipia mzembe. Kipimo ni mizani, na mizani haifai kutupwa kwa sababu ya mpunjaji. Qur'ani imewaonya wanaopunja, na katika Surat al-Baqarah imekataza kuficha ushahidi. Fomu ya ajali ni ushahidi. Anayeiacha tupu ili bosi apate punguzo ameuficha, hata kama hajaandika neno la uongo. Na mfanyakazi anayedai jeraha asilolipata naye amepunja mizani ileile.

Najua ni rahisi kusema haya tukiwa chuoni. Karani mpya mwenye mama wa kumlisha atasita mbele ya bosi. Kwa hiyo tusimwache peke yake: tuijue sheria mapema, tumwambie majeruhi haki yake, tushuhudie wawili au watatu pamoja, na tukumbuke kwamba afisa wa kazi yupo.

Allah atujaalie tuwe mashahidi wa kweli, hata pale ukweli unapopandisha gharama. Aamin.