Ushahidi wa Mshale

Katika Land Cruiser za zamani za mashariki mwa Kongo, zipandazo kutoka Sake kwenda Masisi, kisha zikateremka kwenye joto la misitu ya Walikale, ni nadra kuukuta mshale wa kipimamwendo uliotulia. Mara hulala kwenye sufuri, mara huruka hadi 80 hali gari latambaa matopeni, na abiria walioshonana juu ya magunia ya maharagwe hawaujali, kwani katika njia ile safari huhesabiwa kwa siku na kwa mvua. Hata hivyo mshale huo umenitia katika swali ambalo naliona ni la dini kabla ya kuwa la ufundi: ni upi ushahidi ulio mbaya zaidi, ule unaobabaika, au ule unaonena uongo kwa utulivu?

Maradhi ya mshale urukao yajulikana. Kipimamwendo cha namna hii, ambacho asili yake ni hataza ya Otto Schulze wa Strasbourg ya mwaka 1902, hupokea mzunguko kutoka giaboksi kwa waya mrefu uliomo ndani ya ala. Waya huizungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini pasipo kukigusa, umeme unaozuka kikombeni hukivuta kiifuate sumaku, na kamani nyembamba hukizuia, hata mshale ukasimama pale nguvu mbili zinapolingana. Tope likipenya kwenye ala iliyochanika na grisi ikikauka, waya hukwama ukajisokota, halafu hujiachia kwa ghafula. Fundi huuchomoa, akauosha kwa petroli, akaubiringisha mezani ili pindo lake lionekane, akaupaka grisi nyepesi isipokuwa ncha ya juu, isije ikapanda hadi kwenye kipimamwendo chenyewe. Na ukiwa umekatika nyuzi, haurudishwi.

Mshale huo nauheshimu, kwa sababu hausitiri ugonjwa wake. Niuogopao ni mwingine. Wenye magari, ili wavuke matope, hufunga matairi makubwa kuliko ya asili. Gurudumu kubwa huzunguka mara chache zaidi katika kila kilometa, na giaboksi haina habari. Kipenyo kikizidi kwa sehemu moja katika kumi, mshale utaonyesha 60, umetulia kabisa, na gari lakwenda 66. Na kwa kuwa breki huhitaji masafa yanayokua kwa mraba wa mwendo, dereva atahitaji zaidi ya humusi ya nafasi aliyoidhania, na nyuma yake wamo wagonjwa na watoto.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoisimulia safari yake ya kutoka katika shaka, alitaja jicho linalokitazama kivuli na kuhukumu kwamba kimesimama, mpaka uchunguzi wa baada ya saa ubainishe kwamba kilikuwa kikisogea kidogo kidogo. Wala dawa haikuwa jicho kukaza kutazama, bali hakimu mwingine aliye juu yake. Hili latuelemea sisi watu wa imani, maana twaipenda raha ya moyo na twaidhania kuwa dalili ya kukubaliwa. Mithali za Biblia na Sura ya Al-Mutaffifin zote zimeikemea mizani ya hila, nasi twamfikiria mfanyabiashara ajuaye kwamba anapunja. Je, yule asiyejua, naye alala usingizi mwema? Naamini udhuru wake wadumu mpaka pale njia ya kuuliza inapomfikia, wala haupiti hapo hata kwa siku moja.

Na njia ipo. Karibu na Kilambo, wilayani Walikale, kuna kipande cha lami kilichonyooka hata ndege zilikuwa zikitua juu yake. Mahali kama hapo dereva aweza kushika mwendo mmoja na kuulinganisha na simu inayopokea ishara za setilaiti. Ikidhihiri tofauti, na gia ndogo inayouzungusha waya isipopatikana Goma, basi fundi aandike kandokando ya kipimamwendo, kwa wino usiofutika, kwamba 60 yake ni 66 ya kweli, na amweleze hivyo kila atakayekabidhiwa gari, na zaidi atakayelinunua, kwani waya ule ule ndio uliohesabu kilometa zote atakazozisoma.